Upepo Hauonekani Kwenye Picha

Kuna asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka nawashwa shingoni kama nimemwagiwa makapi. Baridi ilikuwa ile yetu ya Ufipa, ambayo ukimsimulia mtu wa Dar es Salaam anadhani unamtania. Tulikuwa nyuma ya lori linalokwenda kubeba mahindi upande wa Kaengesa, tumekaa juu ya magunia matupu, tumebanana kama vifaranga. Mimi nilivaa koti la mitumba la mwanamke. Ndiyo, la mwanamke, vifungo upande wa kushoto, sikujali, lilikuwa na joto. Na ndani ya koti hilo nilikumbatia kamera ya Kirusi, nzito kama nyundo. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na nilijiona mtu mkubwa kwelikweli.

Ngoja kwanza nikwambie kamera niliipataje, maana najua utauliza. Shule niliishia darasa la nne. Sikufukuzwa, nilichoka tu kukaa. Nikaenda mjini Sumbawanga nikawa nafagia studio ya fundi mmoja wa picha, ile yenye pazia lililochorwa ndege na maua. Siku fundi alipoamua kuhamia Mbeya, akanipa kamera yake ya zamani nami nikampa baiskeli yangu. Watu walinicheka. Baiskeli ilikuwa nzima, kamera ilikuwa imefungwa utepe pembeni. Kabla hajapanda basi aliniachia somo moja tu: "Jua likae mgongoni kwako na usoni kwa mteja. Ukilikumbuka hilo hutakufa njaa." Nikalikumbuka. Shida yangu ni kwamba nililikumbuka hilo peke yake.

Zama zile ndizo zilizoitwa za ruksa. Biashara ilikuwa imefunguliwa, sabuni zimerudi madukani, mitumba imejaa, na wafanyabiashara binafsi wakawa wanapita vijijini kununua mahindi na maharage, siyo chama cha ushirika peke yake kama zamani. Mmoja wao alikuwa Mzee Kassimu, mtu wa Kabwe, kule ziwani Tanganyika. Alianza na dagaa na samaki wa migebuka, akahamia kwenye nafaka, akafungua duka karibu na soko la Sumbawanga. Wenzake mwisho wa mwaka waliwagawia wateja kalenda zenye milima ya theluji na paka weupe. Yeye akaniita.

"Oswadi," akaniambia, "mtu ameniuzia maharage yake, halafu nimpe picha ya paka? Paka wa nani? Nataka kalenda ya kwetu. Miezi kumi na miwili, kila mwezi na kazi yake. Ziwani, shambani, porini. Unaweza?"

Nikasema naweza. Ningeambiwa nipige picha ya mwezi kwa karibu ningesema naweza.

Basi nikazunguka mwaka mzima, na mwanangu, sijawahi kufurahi kama mwaka ule. Nilianza mwezi wa tisa, miti ya miombo inapotoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, ukisimama mlimani unadhani pori linaungua bila moshi. Mvua zikaja, na uyoga, mwingine mpana unamfunika mtoto kichwa. Mwezi wa pili na wa tatu nikawa kwa wanaolima ntumba, yale matuta yetu ya mviringo ambayo nyasi zinafukiwa katikati zioze, ukiyatazama kutoka juu bonde zima lina vipele. Nikashuka Ilemba kwenye joto, nikaona mpunga na ndege wa ziwa Rukwa. Mwezi wa sita nikawa Kabwe, dagaa wameanikwa mchangani wanang'aa kama mtu amemwaga sindano. Kila nilipofika nilikuwa na hamu ya kuona, macho hayashibi. Lakini angalia, nilikuwa na hamu ya kuona, sikuwa na hamu ya kujua. Ni vitu viwili, na mimi wakati huo sikujua kama ni viwili.

Kila nilipofika, nilifanya jambo moja. Niliwageuza watu. "Mama, geuka kidogo. Mzee, vua kofia, uso una giza. Nyie wawili, njooni upande huu." Na watu waligeuka! Nilidhani wananiheshimu kwa ufundi. Siku hizi naelewa walikuwa wamezoea. Watu wa rika lao walikuwa wameshaambiwa hameni hapa mkakae pale, limeni hiki acheni kile, pandeni kwa mstari. Mtu akishuka kwenye lori na kitu shingoni akasema geuka, unageuka, usije ukaandikwa jina.

Sasa asubuhi ile. Lori likanishusha kijijini, nikasikia fimbo zinapura ulezi, pu, pu, pu, nikaufuata mlio. Nikamkuta Bibi Leokadia. Mjane, mwembamba, mrefu kuliko mimi, kichwani kitambaa cha bluu. Majirani wanne walikuwa wanamsaidia kupura masuke, yeye anapepeta. Ameinua ungo juu ya bega, anaumimina polepole, upepo unachukua makapi yanaruka kule, ulezi unaanguka mkekani, safi. Na nyuma yake rundo la ulezi uliokwisha kupepetwa, jekundu, kubwa linafika kiunoni. Uwanja wote chini ya rundo ulikuwa umesilibwa kwa udongo na samadi, laini kama sahani.

Nikamwamkia, nikamweleza habari ya kalenda. Akafurahi kuliko nilivyotegemea.

"Kwa hiyo nitakaa ukutani kwa watu?"

"Mwezi mzima, bibi. Wa saba."

"Ehe! Basi piga, lakini piga huku nafanya kazi. Ulezi huu ni wa pombe, na pombe ni ya paa." Akanionyesha nyumba yake kwa kidevu. Paa lilikuwa limebonyea katikati kama mgongo wa punda, na kando yake majani ya kuezekea, mafungu kwa mafungu, yamekatwa tayari. "Mvua iliyopita nililala na sufuria tatu kitandani, zinakinga matone. Nimeshaita watu. Wanaezeka, wanakunywa. Bila pombe nani atapanda kule juu, mimi?"

Huo ndio utaratibu wetu, mwanangu, wewe uliyezaliwa mjini huenda hukuuona. Mjane hana mume wa kupanda paa, lakini ana ulezi. Anapika pombe, anatangaza siku, kijiji kinakuja. Pombe ikiwa nzuri, mwakani akiita wanakuja tena. Ikiwa mbaya, kila mtu atakuwa na udhuru. Kwa hiyo lile rundo nililoliona mimi kama kitu chekundu kizuri lilikuwa paa lake. Alinieleza kwa mdomo wake mwenyewe, nami nikaitikia "eeh, eeh" huku nachungulia kwenye kamera.

Na kwenye kamera mambo hayakuwa mazuri. Jua la asubuhi lilikuwa mgongoni kwake. Uso wote giza. Na rundo, ambalo nililipenda sana, lilikuwa nyuma yake upande wa jua. Nikafikiri: akihamia ng'ambo ya rundo, akageukia jua, uso utawaka, na rundo litakaa nyuma yake kama mlima. Nikaona picha nzima kichwani. Nikamwambia.

Akasita. Ungo ukabaki hewani.

"Ng'ambo? Mjukuu wangu, na upepo je?"

Nikamjibu maneno ambayo nikiyakumbuka nataka kuuma ulimi: "Bibi, upepo hauonekani kwenye picha."

Majirani wakatazamana. Mmoja akaguna. Bibi Leokadia akatazama rundo, akanitazama mimi na kamera yangu, na nikaona uso wake ukibadilika kama wa msichana. Akafunga kitambaa vizuri. Akahamia ng'ambo.

Sasa upande ule uwanja ulikuwa haujasilibwa. Ulikuwa udongo mkavu, vumbi tupu. Nikawaomba na wale majirani wahamie na masuke yao, wapure hapohapo, kwa nguvu, ili makapi yaruke yang'ae juani. "Mimina mwingi kwa pamoja, bibi! Hivyo hivyo! Tena!" Na upepo wa mwezi wa saba unaujua, unatoka mashariki, unatoka na jua, haubembelezi mtu. Makapi, vumbi, mchanga, vyote vikaondoka upande wa bibi vikalala juu ya rundo. Mimi sikuona. Nakuapia, nilikuwa natazama moja kwa moja na sikuona. Niliona dhahabu inaruka. Nikapiga picha sita, nikashukuru, nikasikia honi ya lori, nikakimbia. Nilikaa pale muda mfupi kuliko wa kuchemsha viazi.

Mkanda ukaenda Mbeya kusafishwa, na basi la siku zile, kwa barabara ile, lilikwenda kama linafikiri. Wiki kama mbili zikapita. Picha ziliporudi, ile ya bibi ndiyo ilikuwa bora kuliko zote. Siwezi kukudanganya kwa kujishusha: ilikuwa nzuri. Uso umejaa mwanga, anacheka, makapi yamemzunguka kama nyuki wa dhahabu. Mzee Kassimu akaishika kwa ncha za vidole. "Hii iende hata mwezi wa kwanza," akasema. Akazibandika zote ukutani dukani, watu wazione.

Siku ya pili, niko dukani najifanya nina kazi, akaingia mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, amekuja kununua chumvi. Akatazama ukutani. Akasogea. Akaanza kucheka, mwanangu, akacheka hadi akashikilia gunia la sukari.

"Huyu nani amemroga? Anapepeta anautazama upepo! Tazama, makapi yanamwingia puani! Na rundo liko nyuma, linapokea yote! Ha! Hata mtoto wa miaka sita..." Akasogea zaidi. "We! Huyu si shemeji yangu Leokadia?"

Ndipo kicheko kikaisha. Alikuwa Mzee Anselmi, mdogo wa marehemu mume wa bibi, naye asubuhi ile hakuwepo, alikuwa ameenda kwa binti yake. Akamgeukia Mzee Kassimu. "Kumbe ni kweli. Tulisema bibi anazeeka, amechanganya ulezi na mchanga kwa uzee wake. Yeye na majirani waliompuria wakasema ni kijana wa picha, tukadhani wanamfichia aibu. Alisaga kidogo apike uji akatafuna mchanga. Siku ya kuezeka ameiahirisha. Majani yamelala nje, ng'ombe wa wafugaji wamekwisha kuyaonja. Watu wanasema, pombe ya mwaka huu kwa Leokadia utainywa kwa jembe."

Mimi nilikuwa nimegeukia rafu ya viberiti, navipanga. Vilikuwa vimepangwa tayari.

Mzee Kassimu akasema taratibu, "Mpiga picha mwenyewe ni huyo hapo."

Mzee Anselmi akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. "Ndiye wewe?" akasema. "Mbona mdogo."

Kisha Mzee Kassimu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akaenda kwenye picha ya Kabwe, ya wanawake na dagaa, picha aliyoisifia wiki nzima, akaitazama upya kama mtu aliyeamshwa. "Oswadi. Hawa mbona wanazoa dagaa na jua ndiyo kwanza linapanda? Hawajakauka hawa."

"Nilitaka waonekane wameinama na mabeseni," nikasema.

"Na mimi nimezaliwa palepale nikaisifu!" Akajipiga paji la uso. "Ngapi umezipanga hadi kazi ikapotoka hivyo?"

Nikahesabu ukutani. Nne. Akazibandua zote nne. "Nikiwapa wakulima kalenda hii watanicheka mpaka mwakani. Na huyo bibi, paa lake? Nenda kwanza huko. Habari ya kalenda baadaye."

Safari ya kurudi niliiona fupi sana, kama kwenda kwa mganga wa meno. Nilipofika nilimkuta nyuma ya nyumba na karai la maji, anaosha ulezi. Anatia bakuli moja, anakoroga kwa mkono, ulezi unaelea kidogo, anaumimina haraka kwenye chekeche, mchanga unabaki chini. Bakuli moja. Halafu jingine. Na rundo unalikumbuka lilifika wapi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Umekuja na upepo wako?"

Nikasema nimekuja kuomba radhi.

"Radhi weka pale juu ya jiwe isilowe. Vua koti. Hilo koti mbona la kike?"

"Lina joto, bibi."

"Haya, vua hivyo hivyo. Chota maji."

Nikachota, nikaosha. Siku nne, mwanangu. Maji ya mtoni mwezi wa nane, vidole vilipasuka vikatoa damu, akanipaka mafuta ya nyonyo. Wapita njia walinisalimu, "Hujambo, Bwana Picha? Leo unapiga za majini?" Nilistahili. Lakini siku ya pili kitu kikaanza kunitokea. Mikono ikiwa na kazi, mdomo ukawa mtupu, nikaanza kuuliza. Kwa nini uwanja unasilibwa kwa samadi? Ili ufa usimeze punje. Kwa nini rundo linakaa upande wa mashariki? Kwa sababu upepo unakotoka hauna cha kukuletea ila ubaridi. Unajuaje upepo utageuka?

"Kwa shingo," akasema.

"Shingo?"

"Ukiutazama upepo utafumba macho, utajua nini? Mimi naupa mgongo. Ukihama kidogo, shingo inaniambia, nami nahamisha mguu. Hukuniona nikihamisha mguu siku ile? Kabla hujaanza geuka-geuka zako?"

Sikumwona. Nilimtazama kwa kioo cha kamera kwa muda wote ule, na mguu wake sikuuona.

Nikamwuliza lile lililokuwa linanisumbua: kwa nini alikubali, naye anajua vyote hivyo? Akasuuza mikono, akakaa. Maneno yake nimeyabeba hadi leo.

"Kugeuzwa nimezoea. Tumegeuzwa sana sisi. Lakini wale wengine angalau walikuja na karatasi, wakatusomea sababu zao hata kama za uongo. Wewe ulinikuta nimesimama mahali, hukuuliza hata mara moja nimesimamia nini pale. Ulikuja na jibu lako mfukoni." Kisha akacheka kwa aibu. "Na mimi nina langu. Nilijua, nikahama. Nilitaka sura yangu ikae ukutani kwa watu. Mtu mzima hivi. Kwa hiyo osha, tuoshe wote."

Alikuwa bado ana masuke aliyokuwa hajayapura, fungu dogo ghalani. Asubuhi ya tano upepo ulipokuwa mzuri akalitoa. Akasimama pale pake, jua na upepo mgongoni. Nikamwuliza, "Bibi, nisimame wapi nisikuharibie?" Akanyoosha kidole nyuma yake, upande wa jua. Nikasimama huko. Nikaona mgongo wake, bega moja limepanda kwa ungo, makapi yanakimbia mbele yake kama anayafukuza, na safari hii niliona mguu. Ulihama kidogo tu, nusu hatua. Nikapiga picha moja. Sikuhitaji sita.

Sasa usidhani mambo yaliishia hapo kwa heri. Paa lilikuwa bado. Ulezi uliooshwa ulibidi uloweshwe, uote, ukauke, usagwe, pombe ipikwe, na siku mpya itangazwe. Na watu walikuwa wameshayasikia ya mchanga. Nilibaki kijijini, nikilala kwa Mzee Anselmi, nikifukuza ng'ombe kwenye majani. Siku yenyewe wakaja kama kumi na tano hivi, wamesimama mbali kidogo na vyungu, mikono nyuma. Hakuna aliyeshika ngazi. Walikuwa wanangoja wajue.

Bibi Leokadia akachota kibuyu cha kwanza. Akakichungulia ndani, akakifuta ukingo kwa kiganja. Akampa shemeji yake.

Mzee Anselmi akapiga funda. Hakumeza. Akatembeza taya kushoto, akatembeza kulia, polepole, macho juu mbinguni.

"Unafanya nini wewe?" bibi akamwuliza.

Akainua kidole anyamaze. Akatafuna tena, akameza. "Nasikiliza meno," akasema.

"Yanasemaje?"

Mwanangu, pale nilimwomba Mungu kwa sala zote nilizofundishwa na ambazo sikufundishwa. Bakuli moja nililoosha vibaya lingetosha. Siku ya tatu nilikuwa nimechoka, na kuna mabakuli niliyasuuza juujuu, nilikuwa nayajua mwenyewe.

Mzee Anselmi akapiga funda la pili. Akatafuna. Kisha akakitoa kibuyu mdomoni, akakipitisha kwa jirani yake, akapandisha suruali na kuifunga kamba upya.

"Hayana la kusema," akasema. "Ngazi iko wapi?"

Wakacheka wote, na kile kicheko kikawapeleka juu ya paa. Mimi nilikuwa chini narusha mafungu ya majani, kutwa nzima, na kabla jua halijazama paa lilikuwa limesimama, limechongoka, la manjano. Bibi akaingia ndani, akatazama juu kutafuta tundu la mwanga. Akatoka bila kuliona. Akanipa kibuyu kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima.

Kalenda ilitoka na ule mgongo, na zile tatu nyingine nilizozirudia kwa kuuliza kwanza. Mzee Kassimu alilalamika, "Mgongo? Watu waangalie mgongo siku thelathini na moja?" Lakini akauweka, na vijijini wakaununulia misumari ya kuutundika. Aliyekasirika ni Bibi Leokadia. Nilipompelekea yake akaigeuza huku na huku. "Na uso wangu uko wapi? Nani atanijua hivi?" Ikabidi akavae gauni la kanisani, nimkalishe kwenye kiti mbele ya nyumba, jua usoni kabisa, kama alivyofundisha fundi wangu. Ameduwaa kwenye picha ile kama kisiki, wala haifanani naye. Aliipenda mpaka alipokufa. Kwa hiyo usitoke hapa ukasema Babu Oswadi amekataza kumgeuza mtu. Yeye alitaka, na safari hii nilimwuliza.

Sasa nikwambie ninachotaka ukichukue, maana najua umekaa sana na miguu imekufa ganzi.

Utakwenda kwa watu, mwanangu. Iwe na kamera, na simu, na kalamu, au na kazi ya serikali. Utamkuta mtu amesimama mahali unapoona pabaya, na jambo lako zuri litakuwa limekwisha kukaa kichwani. Usimwambie geuka. Mwulize kwanza kwa nini amesimama pale. Uliza kama mtu asiyejua, kwa sababu kweli hujui. Na akikujibu, acha kuchungulia kifaa chako, msikilize. Bibi alinieleza mapema kabisa kwamba ulezi ni paa, nami nikaitikia bila kusikia. Ukiona mtu mzima amesita, ungo umebaki hewani, hapo simama. Kusita kwake ni neno. Ukiharibu, usipeleke radhi ya mdomo, peleka mikono, nawe kaa hadi kazi iishe, usitoke na lori la kwanza. Na ukiosha, osha hata yale mabakuli ambayo hakuna anayekutazama. Mimi yangu yalipita kwa rehema za Mungu tu, na bahati hiyo sikuombei uitegemee.

Nenda basi. Mungu akupe macho yanayouliza na shingo inayojua upepo umetoka wapi. Watu utakaowakuta wakukaribishe, na utakapoondoka wabaki na paa zima juu yao, na jina lako walitaje bila kutafuna mchanga. Amina, mwanangu. Funga mlango taratibu, baridi inaingia.